Hoteli ya nyota tano katikati ya Dar: pesa inalipa wapi, inavuja wapi

Usiku mmoja kwenye hoteli ya nyota tano pale Posta unaweza kula kodi ya mwezi mzima ya chumba na sebule Sinza, na chenji isirudi. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kama chumba ni kizuri. Uliza unanunua nini, maana kitanda na shuka safi hata gesti ya Kijitonyama inavyo. Unachonunua ni uhakika: umeme ukikatika hujui, maji ya moto yapo saa tisa usiku, na mapokezi kuna mtu muda wote wa kukuchapishia hati, kukuitia gari au kukutafutia daktari. Ukiwa na jambo lisilosubiri, uhakika huo unalipa. Ukiwa umekuja kutembelea ndugu, utaulipia na usiutumie.

Anza na mahali. Hoteli za Posta na Kivukoni zinafaa sana kwa mtu mwenye boti ya Zanzibar ya saa moja asubuhi, kwa sababu kituo cha boti kiko pale pale mbele ya bahari, na kwa mwenye treni ya SGR (reli ya kisasa) ya alfajiri kwenda Morogoro au Dodoma. Zinafaa pia kama shughuli zako ni za bandari au makao makuu ya benki, unazimaliza kwa miguu. Lakini kama vikao vyako viko Masaki, Mikocheni au Mwenge, au umekuja kwenye harusi Mbezi Beach, umelipia nyota tano ili ukae kwenye foleni. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, limepunguza adha ya kwenda Masaki, ila Barabara ya Bagamoyo jioni ni ile ile. Uwanja wa ndege nao uko kilomita kama 12 tu, lakini kilomita hizo ni nusu saa usiku na zaidi ya saa nzima ofisi zikifungwa.

Kuna jambo wageni hawalitarajii: Posta inalala mapema. Ikifika saa moja usiku maduka yamefungwa na barabara nyingi ziko kimya, na Jumapili hali ni hiyo kutwa. Matokeo yake unakula hotelini kwa bei ya hotelini, kila mlo. Mwenye kukaa siku nne aweke hesabu hiyo kabla hajabuki, kwa sababu chakula kinaweza kukaribia bei ya chumba.

Halafu majina. Majengo haya yamebadilisha waendeshaji mara kadhaa. Iliyofunguliwa 1965 kama Kilimanjaro Hotel sasa ni Hyatt Regency, lakini ukimwambia dereva mtu mzima "Kilimanjaro" anafika bila kuuliza. Serena ya Mtaa wa Ohio iliwahi kuwa Sheraton, baadaye Mövenpick, na wako wanaoitaja hivyo hadi leo. Ukielekeza mtu, taja jina la sasa na la zamani.

Kwenye bei ndiko watu wanakoumia, na mara nyingi wanaumia kabla hata hawajafika. Ukiona alama za ++ baada ya tarakimu, ujue hiyo si bei, ni mwanzo wa bei. Ya kwanza ni tozo ya huduma, ya pili ni kodi. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 400,000++ chenye tozo ya huduma ya asilimia 10: kinakuwa 440,000, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 440,000, si juu ya 400,000. Unalipa 519,200. Kwa usiku tatu, tofauti inafika 357,600, karibu usiku mmoja zaidi. Kwa hiyo kwenye simu uliza hivi: "Dada, hiyo ndiyo jumla ya yote, au kuna kodi na tozo juu yake?" Akishajibu, mwombe akutumie kwa barua pepe.

Piga simu kitengo cha kubuki moja kwa moja hata kama umeshaona bei mtandaoni. Hoteli nyingi zina bei ya wakazi wa Afrika Mashariki ambayo haionekani kwenye tovuti za kimataifa, na utaipata kwa kuonyesha kitambulisho cha NIDA, pasipoti ya nchi ya ukanda huu au kibali cha ukaazi. Ndugu waliochukua uraia wa nje mara nyingi wanaikosa mlangoni, basi waulize mapema wasije kubishana na mtoto wa watu mapokezini. Uliza pia bei ya Ijumaa hadi Jumapili. Hoteli za katikati ya mji hutegemea watu wa kazi, na wikiendi vyumba vinabaki wazi. Ila mji ukiwa na mkutano mkubwa, usitegemee punguzo lolote.

Kuhusu dola: kanuni za 2025 zinakataza kutaja na kudai bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bili ya kaunta iwe ya shilingi. Kama ulibuki mtandaoni kwa dola, uliza wanabadilisha kwa kiwango gani na cha siku ipi. Na kama kadi yako ni ya pauni au euro, mashine ikikuuliza unataka kulipa kwa fedha ya kwenu au kwa shilingi, bonyeza shilingi. Ukichagua ya kwenu, ubadilishaji unafanywa na mashine ya huku kwa kiwango kibaya kuliko cha benki yako.

Sasa suala la kadi, ambalo ndilo linalozaa ugomvi mwingi. Ukifika, mhudumu anachukua kadi na "kuzuia" fedha: gharama ya chumba pamoja na amana ya matumizi madogo. Tuseme usiku mbili kwa 450,000, na amana ya 100,000 kwa usiku. Zinazuiwa 1,100,000. Kwenye kadi ya mkopo huoni maumivu, kinachopungua ni kiwango cha kukopa. Kwenye kadi ya kawaida inayochota akaunti, hizo ni hela zako halisi na huzigusi. Siku ya kuondoka bili ni 980,000, unaamua kulipa kwa simu kwa sababu ni rahisi. Umefanya kosa. Hoteli imepokea 980,000, na benki bado imeshikilia 1,100,000. Umekwama na zaidi ya milioni mbili, na kilichozuiwa kinaweza kuchukua wiki moja, mbili au hata zaidi kuachiwa, kwa kuwa benki yako inasubiri ujumbe ambao hakuna aliyeutuma.

Dawa yake ni mojawapo ya hizi. Lipa kwa kadi ile ile na umwambie mhudumu akamilishe muamala ule ule uliozuiwa, asifungue mpya. Au kama unalipa kwa njia nyingine, mwombe afute kizuizi ukiwa umesimama hapo, akupe karatasi ya mashine yenye namba ya idhini. Namba hiyo ndiyo utakayoipeleka benki. Bila yake utazungushwa. Kadi za mtandaoni za kwenye simu zinafaa kubukia, lakini mapokezi mengi yanataka kadi ya mkononi yenye jina lako, kwa hiyo usije na hiyo peke yake.

Chumba chenyewe kikague kabla hujafungua begi, maana ukishatandaza nguo utaona aibu kuhama. Dakika tatu zinatosha. Zima kiyoyozi, simama katikati, sikiliza. Mlio wa chini usiokatika ni jenereta au mitambo ya lifti, na saa nane usiku utausikia mara mbili. Angalia kama kuna mlango wa ndani unaoungana na chumba cha jirani: hata ukifungwa kwa funguo mbili, sauti hupita chini yake, na taulo lililokunjwa hapo linasaidia kidogo tu. Fungua maji ya moto ya bafuni uhesabu hadi 60, uone kama yanapata moto. Jaribu komeo la ndani. Kisha uliza swali moja: ukumbi wa sherehe uko ghorofa ipi, na leo kuna nini? Harusi ya Jumamosi haiishi saa nne. Omba chumba ghorofa tatu au nne juu ya ukumbi, mbali na lifti.

Nyongeza ya kuona bahari mimi siipendekezi kwa mtu wa kazi. Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro. Ukirudi kutoka kwenye vikao umelipia giza. Mwenye kushinda chumbani akiandika ripoti, huyo achukue, bandari na pantoni za Kigamboni zinapendeza asubuhi.

Zipo tundu nyingine ndogo ndogo. Friji ya chumbani kwingine ina vitambuzi: ukiinua chupa kusoma bei, imeshaingia kwenye bili, na ukitoa soda zao ili uweke dawa zako, yale yale. Omba friji itolewe vitu kabla hujaigusa. Kufua kunahesabiwa kwa kipande, na huduma ya haraka huongezwa bei, kwa hiyo shati tano zinaweza kukugharimu shati mpya ya Kariakoo. Kadi ya mlango ukiichomoa ukutani umeme wa chumba unakata, pamoja na simu uliyoacha ikichaji. Uliza soketi gani haizimi. Kifungua kinywa kikianza saa kumi na mbili na nusu na wewe una boti ya saa moja, usilipie bei yenye kifungua kinywa, au waambie usiku uliotangulia wakufungie.

Kwa upande wa faida, sebule ya chini haithaminiwi inavyostahili. Kwa bei ya chai moja una mahali pa kukutania na mteja, baridi, salama, intaneti ya uhakika, hakuna anayekufukuza. Hilo hata asiyelala hapo anaweza kulitumia. Siku ya kuondoka nayo ina faida yake: muda wa kutoka ni saa tano au sita, ndege yako ni ya usiku, usikimbilie kulipia nusu siku. Begi hutunzwa bure, na hoteli nyingi zitakuruhusu kuoga kwenye chumba cha mazoezi ukiomba kwa adabu.

Ukiwa na familia, hesabu inageuka. Shangazi akija na watoto wanne kukuona, wataandikwa getini, mizigo itapita kwenye mashine, na bwawa la kuogelea ni la wageni waliolala au wanaolipia. Kwa siku nne na zaidi, nyumba ya kupanga yenye jiko Mikocheni itakupa nafasi ya kupokea watu bila kumlipia kila mmoja juisi.

Bili iombe usiku wa mwisho, baada ya chakula, si asubuhi. Saa moja asubuhi kaunta ina foleni, kila mtu ana ndege, na hakuna mwenye muda wa kutafuta nani alikunywa maji ya chumba 412. Kama unadai fedha kazini, toa TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni siku ya kuingia, si wakati wa kulipa, ili itokee kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ikishachapishwa bila namba, kuirekebisha kunahitaji mhasibu wao, naye anaingia kazini saa mbili.