Jibu: Pua kuziba upande mmoja wiki 2 baada ya upasuaji wa sainasi

Pole ndugu. Umeuliza kama kuziba huko ni kovu, na kama unaweza kuiruka kliniki ya kusafishwa pua kwa sababu inauma. Usiiruke. Mimi niliiruka, nyama za ndani zikashikana, ikabidi zitenganishwe upya. Hayo ndiyo maumivu hasa.

Wiki ya pili mara nyingi ni uvimbe na magamba ya damu. Tatizo ni magamba yakikaa katikati ya nyama mbili mbichi: hapo ndipo kovu linapopata daraja. Kwanza angalia unavyosafisha nyumbani. Maji yachemshwe yapoe (ya bomba moja kwa moja hapana), mililita 250, nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, mara ngapi fuata cheti chako. Mimi nilikuwa nabania maji, kumbe wingi ndio unaolainisha magamba. Usichokonoe, usipenge kwa nguvu, na dawa ya kupuliza usiikate kisa umepata nafuu.

Kuhusu maumivu, muulize daktari umeze nini kabla ya kliniki. Usijipe aspirini, inaongeza kutoka damu.

Mimi si daktari. Ukiona vitu viwiliviwili, homa ikipanda, au maji maangavu yakidondoka puani mfululizo, nenda hospitali leo leo.