Mikono imechoka, lenzi ni nzito: uza ipi, bakiza ipi

Shikamoo mzee wangu. Umesema una miaka 67, unatumia DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya Canon yenye lenzi ya EF 70-200mm f/2.8 toleo la tatu (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia), mkono wa kushoto umeanza kutetemeka, picha za ndege na wajukuu zinatoka na ukungu, na sasa unafikiria kununua lenzi kali zaidi. Nakusihi usinunue. Ukali wa lenzi hiyo unakutosha kabisa; kinachokushinda ni uzito wake.

Kabla hujatoa hela, pima mkono wako. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama mita tano, vuta lenzi hadi 200, washa kituliza mtikisiko kama kawaida yako. Piga picha kumi kwa shata ya 1/200 ya sekunde, kumi kwa 1/400, kumi kwa 1/800, bila kuegemea kitu. Zikuze kwenye kompyuta uhesabu zinazosomeka. Kasi inayokupa nane safi kati ya kumi ndiyo kasi ya mkono wako. Jaribio lifanyike ukiwa umeshaishika kamera dakika kumi hivi, maana msuli uliopumzika utakudanganya.

Kisha azima lenzi ya f/4 urudie. Tuseme nzito inakudai 1/800 na nyepesi inatulia kwa 1/200. Hapo kwa kitu kisichosogea unatoa hatua mbili za mwanga (kila hatua ni nusu au mara mbili ya mwanga) ili ufaidi hatua moja ya f/2.8. Hasara tupu. Mtoto anayekimbia ni habari nyingine: yeye anataka 1/500 au zaidi, na ndege arukaye 1/1600, hata mkono ungekuwa wa chuma, kwa sababu kituliza mtikisiko hakimzuii ndege. Huko f/4 itakulazimisha kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kutoka 1600 hadi 3200, na kamera za sasa zinaibeba hiyo bila shida.

Sasa uzito wenyewe. EF yako ina gramu 1480 na urefu wa karibu sentimita 20. RF 70-200mm f/4, lenzi ya kamera za Canon zisizo na kioo, ina gramu 695, na ikikunjwa haifiki sentimita 12. Urefu una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani: uzito ulio mbali na kifua ndio unaokamua kiganja na bega. Ndiyo maana sishauri ununue kamera isiyo na kioo halafu ubakize lenzi ya zamani kwa adapta. Adapta ya milimita 24 inairudisha lenzi umbali uleule iliokuwa nao kwenye DSLR na kuongeza gramu zake, huku kamera ya nyuma imekuwa nyepesi. Mzigo wote unaangukia mkono uleule wa kushoto.

Ukiwa tayari kuhama mfumo, angalia Micro Four Thirds, mfumo wa kamera zenye kihisi (sehemu inayopokea picha) kidogo. Kamera ya OM-5 pamoja na lenzi ya 40-150mm f/4 haifiki gramu 800, na upeo wake wa kuona ni sawa na 80-300 ya kihisi kikubwa. Unachopoteza ni mandharinyuma laini: f/4 yake inafifisha nyuma kama f/8 ya kihisi kikubwa, na mwanga hafifu unaleta chembechembe mapema. Kwa ndege mchana ningeichukua bila kusita. Kwa wajukuu sebuleni usiku, ongeza lenzi ndogo isiyo na zumu, f/1.8.

Ukiibakiza nzito, ifunge kwenye stendi ya mguu mmoja kwa kutumia kishikio cha lenzi, kamwe si kwa kitako cha kamera. Stendi ifike urefu wa jicho bila wewe kuinama. Mkanda nao upite begani na kifuani. Wa shingoni utakuumiza.

Mwisho macho, na hapa wengi huilaumu lenzi bure. Amua kwanza kama utachungulia na miwani au bila. Toa lenzi, elekeza kamera kwenye mwanga, bonyeza shata nusu, utazame tarakimu zilizo ndani ya kidirisha, kisha zungusha kigurudumu cha dayopta, kile kidogo kando ya kidirisha kinacholinganisha kidirisha na jicho lako, hadi zikolee. Kigurudumu hicho hakirekebishi astigmatizimu (jicho lenye umbo lisilo sawa); mwenye nayo abaki na miwani yake, na achague kamera ambayo kidirisha chake kinaonekana chote jicho likiwa milimita 20 au zaidi kutoka kwenye kioo cha kidirisha hicho. Otofokasi haijali dayopta, kwa hiyo ukungu unaouona pia kwenye kompyuta una chanzo kingine. Ukishaweka sawa, bana kigurudumu kwa kipande cha utepe mweusi, maana kikisuguana na begi hujigeuza.