Katamarani hupinduka ikiwa bado nchi kavu

Siku ya kwanza tulipoitia majini katamarani yetu, chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili, tulidumu juu yake dakika kumi na moja. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu mwenzangu aliibonyeza saa yake wakati tunaondoka, kwa mbwembwe, kama watu wanaokwenda kuvunja rekodi. Dakika ya kumi na moja kipini kimoja kwenye waya wa upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, kilichomoka, mlingoti ukalala, na tanga likatufunika sote wawili kama shuka. Kipini kile kilipaswa kuzuiwa na pete ndogo ya chuma. Pete ilikuwa mfukoni mwangu, nami nilikuwa nimejiambia nitaivisha baadaye.

Nilikuwa nimeendesha vyombo vya tanga vya mtumbwi mmoja kwa miaka kadhaa, na hilo ndilo lililoniponza. Vyombo vile hukusamehe. Ukikosea kufunga kitu, chombo huyumba, unagundua, unarekebisha. Katamarani ya mashindano haikupi nafasi hiyo: kosa ulilolifanya saa mbili ufukweni hukufikia saa tatu ukiwa kwenye mwendo mkali.

Yangu ni ya daraja la Formula 18. Urefu wake ni mita 5.52, upana mita 2.60, na kanuni zinataka uzito usipungue kilo 180. Upana ule ndio unaoiwezesha kubeba tanga kubwa bila kulala, na wepesi ndio unaoirusha. Tornado, iliyokuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1976 hadi 2008, ni kubwa zaidi, ina upana wa zaidi ya mita tatu. Iliyochukua nafasi yake mwaka 2016 ni Nacra 17, inayoendeshwa na mwanamume na mwanamke pamoja, na siku hizi huinuka kabisa juu ya maji kwa mabawa yaliyo chini yake. Kama unaanza, hiyo ya mabawa itazame kwenye video tu. Hobie 16 ni mwalimu bora kuliko zote hizi. Haina mbao za kushusha majini, sukani zake hujiinua zikigusa mchanga, na imeshapigwa na wanafunzi wengi mno kabla yako.

Sasa kufunga chombo. Kabla hujasimamisha mlingoti, inua kichwa utazame juu. Nyaya za umeme karibu na maegesho ya vyombo zimewahi kuua mabaharia, maana mlingoti wa alumini au wa kaboni wenye urefu wa mita tisa hivi unapitisha umeme. Kisha tafuteni mtu wa tatu. Wawili mnaweza, lakini mlingoti ukishapita nusu ya safari yake hupenda kwenda pembeni, na anayeusukuma hana mkono wa ziada. Waya mbili za pembeni zifungwe kwanza, mmoja asukume, mwingine avute waya wa mbele, wa tatu ashike kitako kisichomoke. Kila kipini kivishwe pete papo hapo, na kila pete izungushiwe utepe. Nimeacha kuuamini mfuko wangu.

Vizibo vya shetri, yaani nyuma ya chombo, pia. Kila mtumbwi una tundu la kutolea maji, na kila mwanafunzi ninayemfahamu amewahi kuondoka bila kuziba moja. Mimi nilisahau mara mbili. Chombo hakizami, ila upande mmoja unakuwa mzito, unashangaa kwa nini hakigeuki, unaulaumu usukani bure.

Mlingoti wenyewe huzunguka. Hilo huwashangaza wengi. Umbo lake ni kama bawa, na unapoelekea upande sahihi, upepo hupita kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye tanga bila kukatika. Tanga nalo lina fimbo ndefu kutoka ukingo hadi ukingo, zinazolipa umbo. Kaza kamba ya kila fimbo mpaka mikunjo ipotee, basi. Nilipoteza karibu msimu mzima nikichezea mkazo wa waya zinazoupinda mlingoti, nikiandika namba kwenye daftari, wakati tatizo langu lilikuwa sijui kubisha, yaani kugeuza chombo kwa kuipitisha pua yake kwenye upepo. Weka vipimo alivyoandika mtengenezaji, ufunge daftari.

Kamba moja tu ndiyo ningeomba uijue tangu siku ya kwanza: ile inayovuta tanga kubwa kwenda chini kando ya mlingoti. Mimi niliidhani ni ya kuondolea mikunjo. Kumbe ukiivuta kwa nguvu, mlingoti hupinda, sehemu ya juu ya tanga hulala bapa na kufunguka, na upepo unaokuzidi unatokea kule juu badala ya kukuinua. Upepo ukizidi, anza na hiyo.

Kubisha ndiko kulikonitoa jasho. Mitumbwi miwili mirefu haipendi kugeuka, na chombo ni chepesi, kwa hiyo ukikivunja mwendo kinasimama katikati ya upepo na kuanza kurudi nyuma. Mwanafunzi husukuma kana, ule mpini wa usukani, kwa ghafla, na sukani mbili zinageuka breki. Ingia na mwendo kamili, sukuma kana taratibu, kisha ongeza. Tanga la mbele liache upande wa zamani mpaka lijae upepo kinyume na kusukuma omo, yaani pua ya chombo, upande wa pili, ndipo ulihamishe. Legeza kamba ya tanga kubwa kidogo omo inapopita upepo, la sivyo tanga litaurudisha uso wa chombo ulikotoka. Mkishakwama, msipigane nacho. Geuza usukani kinyume, sukuma tanga nje kwa mkono, kiache kirudi nyuma hadi kielekee pembeni, kisha anza upya.

Kwenda na upepo ndiko kwenye raha, na ndiko tulikovunjia miwani, simu na urafiki kwa muda. Katamarani hii haiendi moja kwa moja na upepo mgongoni. Unapandisha spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele, unapanda kidogo kuelekea upepo mpaka mwendo uje, na mwendo wenyewe unakuletea upepo mwingine kutoka mbele. Ukishaupata, unateremka nao. Ukiteremka mno, upepo ule wa kujitengenezea unakufa na chombo kinalala usingizi.

Balaa liko upepo unapopiga ghafla. Ukiwa unapanda dhidi ya upepo, jibu ni kulegeza tanga au kuzidi kupanda kidogo. Ukiwa na spinaka, jibu ni kinyume: teremka. Katikati ya hayo mawili, upepo ukitoka ubavuni, hakuna jibu zuri, kwa sababu upande wowote utakaogeukia, kwanza nguvu inaongezeka. Omo ya demani, yaani ya upande upepo unakoelekea, inazama, shetri inapanda hewani, na chombo chote kinapiga mwereka kwa mbele. Mimi nilirushwa nikazunguka waya wa mbele, nikapigwa mbavu. Kocha alikuwa kwenye boti ya pembeni akipiga kelele neno moja tu, «Nyuma! Nyuma!», nami nilidhani ananiambia nitazame nyuma. Alimaanisha tuhamie shetri, miguu yote minne, kabla ya upepo kufika. Maji yakianza kupanda juu ya omo, umeshachelewa kutembea.

Kuning'inia nje ya chombo kwenye waya, ili uzito wako ukizuie kulala, kunatisha kuliko kulivyo kugumu. Keti kwenye ukingo, funga ndoano, uzito ukae kwenye waya kabla hujasukuma kwa mguu wa mbele. Anayeshika kamba ya tanga asiifunge. Aishike mkononi hata kidole kikiuma.

Mtapinduka, kwa hiyo pindukeni kwanza kwa hiari, siku ya upepo mwepesi, karibu na boti ya kuokoa. Shikeni chombo mara moja. Kikiachwa peke yake upepo hukisukuma haraka kuliko unavyoogelea. Fungueni kamba zote za matanga, spinaka irudishwe kwenye mfuko wake. Mmoja aende omo auvute uso wa chombo kuelekea upepo, ili upepo upite chini ya wavu ulio kati ya mitumbwi na kusaidia kuinua. Kisha wote wawili juu ya mtumbwi wa chini, kamba ya kuinulia mkononi, mgongo nyuma, mkisubiri. Mwanzoni huoni kitu kinachotokea, na ndipo wengi huachia. Ncha ya mlingoti ikishatoka majini, chombo kinakuja kwa kasi. Mmoja ashike boriti ya mbele kinapotua, kisipinduke upande wa pili au kuondoka bila nyinyi.

Kisu chenye ncha butu kiwe kimefungwa kifuani kwenye jaketi la kuokoa, mahali mkono wowote unapofika. Changu kilikuwa ndani ya begi, ufukweni, siku ile tanga lilipotufunika.