Mtoto ana mashavu ya miguu manene lakini anaanguka ovyo: jibu kwa dada aliyeuliza

Asalaam aleikum dada. Umeuliza vipi mwanao wa miaka mitano ana mashavu ya miguu manene na magumu, na huku anaanguka vichochoroni na hapandi ngazi ya darini mpaka ashike ukuta. Nakujibu kwa kuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu hapa Langoni, ana ugonjwa wa Duchenne, ugonjwa wa jeni unaodhoofisha misuli polepole, na hayo uliyoandika tumeyaona nyumbani. Sisemi mwanao anao. Nasema apimwe, na mapema.

Unene ule usikudanganye. Nyuzi za msuli zinapokufa, mahali pake huingia mafuta na makovu, shavu likajaa bila nguvu. Tazama anavyoinuka kutoka mkekani. Mpwa wangu hugeuka kifudifudi, huinua makalio, kisha hujipandisha kwa mikono juu ya magoti na mapaja yake mwenyewe. William Gowers, daktari wa London, aliieleza namna hiyo ya kuinuka mwaka 1879, na hadi leo madaktari huitafuta. Nyonga na mapaja yamechoka, mikono bado inasaidia.

Watu hudhani ugonjwa wa misuli hula mwili wote sawasawa. Sivyo, na hapo ndipo daktari anapoanzia. Duchenne huanza nyongani, mapajani na mabegani, lakini misuli inayozungusha macho huiacha. Upo mwingine wa kurithi unaoshika uso na mabega: mtu hawezi kupiga mluzi, kombe la bega linachomoza, na mara nyingi upande mmoja umezidi. Upo unaofanya vidole vikishika kitu vichelewe kuachia. Upo wa watu wazima unaoangusha kope na kuzuia kumeza. Na upo unaokondesha hayo hayo mashavu ya miguu kwanza, mtu akashindwa kusimama kwa ncha za vidole.

Kwenye Duchenne kinachokosekana ni protini iitwayo distrofini. Kazi yake ni ya misumari inayoshika mbao kwenye mataruma (mbavu) ya jahazi: isipokuwepo, kila mshtuko unalegeza chombo. Msuli mkubwa unaobeba mwili, hasa unaponyooka huku umekaza, kama wa paja wakati wa kushuka ngazi, ndio unaochanika zaidi. Kwa hiyo wakikwambia mtoto ni mvivu, arukishwe na akimbizwe apate nguvu, kataa. Kunyoosha vifundo vya miguu taratibu kila siku kunafaa, na kuogelea bila kujichosha pia.

Omba kipimo cha damu cha kreatini kainesi, wenyewe huita CK, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu misuli inapoumia. Kwa Duchenne hupanda maradufu mengi kupita kawaida, tangu mtoto angali mdogo. Hili ulishike sana: vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini vinatoka kwenye misuli pia. Mpwa wangu alitibiwa ini miezi mingi kwa sababu hiyo, na ini lake lilikuwa zima. Baada ya CK hufuata kipimo cha jeni, kisha moyo na pumzi, maana moyo nao ni msuli na kiwambo cha kupumulia ni msuli. Dawa za steroidi, kama prednisoloni, humwongezea mtoto miaka ya kutembea, ila zisikatwe ghafla.

Jeni inayotengeneza distrofini iko kwenye kromosomu ya X, na mvulana anayo X moja tu, ndiyo maana wanaougua ni wavulana karibu wote. Kiasi cha thuluthi moja ya watoto hawakuirithi hitilafu hiyo kwa mama, jeni ilibadilika upya kwao. Dada yangu alilaumiwa sana na jamaa, na maneno yale yalimuumiza kuliko ugonjwa. Mama akipatikana anayo hitilafu hiyo kweli, naye apimwe moyo.

Na kabla ya tohara au upasuaji wowote wa kulazwa usingizi, mwambie daktari wa usingizi unashuku ugonjwa wa misuli. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksametoniumu inaweza kusimamisha moyo wa mtoto wa Duchenne.