Muuzaji wa Mtandaoni Akinyamaza, Acha Kumsubiri

Muuzaji aliyekula hela zako hana haja ya kukutukana. Anachotaka ni wewe uendelee kusubiri.

Niliagiza lenzi ya kamera kwa muuzaji aliyekuwa mchangamfu sana kabla hajalipwa. Baada ya hapo ikawa hadithi: mzigo umechelewa kutoka, mzigo umekwama forodhani, nivumilie wiki mbili tu. Kisha kimya. Ujumbe unasomwa, jibu halirudi. Nilipowaandikia walionipitishia malipo ndipo nikaelewa kwa nini aliomba muda badala ya kuomba radhi: haki ya kudai hela ina kikomo.

PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, huruhusu kufungua shauri ndani ya siku 180 tangu ulipolipa. Ukishalifungua, una siku 20 za kulipandisha liwe dai rasmi, la sivyo linajifunga na halifunguliki tena. Kwa kadi za Visa na Mastercard, kikomo cha kawaida kwa mzigo usiofika ni siku 120, zikihesabiwa tangu siku ulipotakiwa kufika, ingawa benki yako yaweza kukupa muda mfupi zaidi. Sasa itazame ile "nivumilie wiki mbili" kwa jicho hilo.

Mwandikie muuzaji ujumbe mmoja wenye namba ya oda, tarehe uliyolipa, ulichonunua, na siku ya mwisho unayompa alete mzigo au arudishe hela. Uandike kwa adabu, hata kama una hasira, kwa sababu atakayekuja kuusoma na kuamua ni mfanyakazi wa benki au wa PayPal. Piga picha za skrini za tangazo lenyewe mapema, maana huondolewa, pamoja na risiti na mazungumzo yote. Siku hiyo ikipita, fungua malalamiko kwa waliopitisha malipo yako. Huko si kumwita mtu mwizi. Huenda anaumwa au kazi imemzidi, na akiwa na ushahidi kwamba alituma atapewa nafasi ya kuuonyesha.

Mara nyingi hapo ndipo bubu huanza kusema. Wangu aliibuka siku ileile: "Funga malalamiko kwanza, ndugu yangu, hela nakurudishia leo." Usikubali kabisa. Shauri ukilifunga mwenyewe umelimaliza, na ahadi ya kwenye simu haimfungi mtu. Nilimjibu kwamba arudishe kupitia njia ileile niliyolipia, nami nitafunga nikiziona. Hakurudisha. Alishindwa kuonyesha uthibitisho wa kutuma, na mwishowe hela zangu zikarudi.

Wengine hukutumia namba ya kufuatilia mzigo. Ichunguze. Namba ya kimataifa ya posta huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo. Kampuni binafsi za usafirishaji zina mitindo yao. Ujanja mbaya zaidi ni kukupa namba halisi ya mzigo wa mtu mwingine wa mji wako, ili ionekane "umefikishwa". Waombe wasafirishaji wathibitishe kwa maandishi uzito wake na kwamba haukuja kwenye anwani yako. Lenzi haiwezi kuwa na uzito wa bahasha.

Kama ulimtumia moja kwa moja kwenye akaunti binafsi au kwa simu, njia ni nyembamba. Piga simu kwa waliopitisha hela saa hiyohiyo, kabla hajazitoa, kisha ripoti polisi.

Na ukilalamika hadharani, watakutafuta watu wanaojiita wataalamu wa kurejesha hela zilizopotea, mradi ulipe ada kidogo kwanza. Hao pia ni wezi. Usiwajibu.