Joto Lisilounguza: Namna Nilivyochagua Kivukizi cha Mkononi na Vifaa Vyake

Nilipokuwa mtoto katika Mji wa Kale wa Mombasa, sikuwahi kumwona nyanya yangu akiweka udi juu ya kaa linalowaka wazi. Alilisubiri kaa livae jivu, akaliongezea jivu jingine kidogo kwa ncha ya kijiko, ndipo akakiweka kipande cha udi ndani ya chetezo, na nyumba nzima ikanukia bila mtu yeyote kukohoa. Sisi watoto tulipoharakisha kazi hiyo, udi uliungua mara moja, ukatoa moshi mzito na harufu ya kuni. Miaka mingi baadaye, nikiwa Ontario, Kanada, nikitafuta njia ya kutumia majani makavu ya bangi niliyoidhinishiwa na daktari kwa ajili ya maumivu ya mgongo, nilitambua kwamba nilikuwa natafuta dukani kile ambacho nyanya alikijua kwa mkono wake: joto la kutosha kutoa kilichomo ndani ya mmea, lakini lisilofika kiwango cha kuuunguza.

Nawaandikia watu wazima wanaoishi mahali ambapo jambo hili linaruhusiwa na sheria. Hapa Kanada bangi iliruhusiwa kwa watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na umri wa chini hutofautiana kwa majimbo: Alberta ni miaka 18, Ontario ni 19, Quebec ni 21. Wenzetu wengi wanaozungumza Kiswahili huku wamepewa idhini ya daktari kama mimi, lakini huona haya kuuliza habari za vifaa, wakaishia kununua cha kwanza walichoonyeshwa. Mimi pia nilianza hivyo, na fedha zangu zikapotea.

Kivukizi, ambacho madukani huitwa vepolaiza, ni kifaa kinachopasha majani joto ndani ya chemba ndogo mpaka mafuta yake yageuke mvuke, bila majani yenyewe kushika moto. Kwa mazoea yangu, mvuke huanza kupatikana vizuri kwenye nyuzi 170 hivi za Selsiasi, na nyuzi 185 hadi 195 hunitosha kwa siku nyingi. Ukipita nyuzi 230, majani huanza kuungua, na hapo umerudi kwenye moshi uliokuwa ukiukimbia. Mwaka 2007 Donald Abrams na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha utafiti mdogo wa watu 18, wakaona kwamba waliovuta mvuke walikuwa na monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokanayo na kuungua, kidogo zaidi katika pumzi zao kuliko waliovuta moshi, ilhali kiasi cha dawa kilichoingia mwilini kililingana. Utafiti huo haukusema kwamba mvuke hauna madhara, na mimi siwezi kusema hivyo. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kikohozi changu cha asubuhi kilipungua ndani ya wiki chache baada ya kuacha kuvuta msokoto.

Nisisitize tofauti moja, kwa sababu watu huichanganya kila siku. Kivukizi cha majani makavu si kalamu ya mafuta yenye katriji, yaani kichupa kidogo cha mafuta yaliyokwisha kutayarishwa. Mwaka 2019 Wamarekani zaidi ya 2,000 walilazwa hospitali kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa hasa na mafuta ya bangi ya magendo yaliyotiwa asetati ya vitamini E. Kifaa ninachokizungumzia hutiwa majani uliyoyaona kwa macho yako, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyonifanya nikichague.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa cha bei rahisi, chenye umbo la kalamu, na muuzaji aliniapia kwamba ni kivukizi halisi. Hakikuonyesha kiwango cha joto. Kilikuwa na taa tatu tu, ya bluu, ya kijani na nyekundu. Nilipomimina majani baada ya matumizi, yale ya pembeni yalikuwa meusi kama masizi na ya katikati yalikuwa bado mabichi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini mpaka leo kuliko tangazo lolote: tazama mabaki. Kifaa kizuri huacha majani yenye rangi ya kahawia iliyolingana kote, mfano wa kahawa iliyokaangwa kwa moto mdogo. Ukiona weusi, au ukiona rangi mbili, basi joto halikusambaa, na hakuna kifaa cha ziada kitakachoponya kasoro hiyo.

Jambo la kuuliza kabla ya bei ni namna joto linavyoyafikia majani. Kuna vifaa vinavyopasha kuta za chemba, na majani yakapata joto kwa kugusana nazo, kama karanga kwenye kikaango. Hivi huwa vidogo na vyepesi, lakini hudai ujaze chemba vizuri na ukoroge majani katikati ya matumizi, la sivyo yaliyo pembeni hupata joto kupita kiasi. PAX ya San Francisco ni ya aina hiyo, na wapo wanaoipenda kwa sababu huingia mfukoni bila kuonekana. Kuna vifaa vingine vinavyopasha hewa, nayo hewa hiyo ya moto ikapita katikati ya majani kila unapovuta. Ladha yake ni safi zaidi na majani hayaendelei kupikika unapopumzika, ila hutegemea sana namna unavyovuta, na mtu mwenye papara huvuta kwa nguvu mpaka hewa ikapoa. Aina ya tatu huchanganya njia zote mbili, na kwa anayeanza ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Mfano wake unaojulikana sana ni Mighty ya kampuni ya Storz & Bickel kutoka Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani, kampuni ile ile iliyoleta kivukizi cha mezani cha Volcano mwaka 2000. Mighty ni nene, haifichiki kiganjani, na bei yake inauma. Lakini joto lake unalipanga nyuzi kwa nyuzi mpaka 210, na mvuke wake hufika mdomoni ukiwa umepoa.

Mimi nilichagua Arizer, ya hapa hapa Ontario, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba njia ya mvuke ni kijiti cha kioo, ambacho unakiona kwa macho kikichafuka, na ukakitoa na kukiosha peke yake. Ya pili ni betri. Miundo ya Air II na ArGo hutumia betri ya aina ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ambayo unaweza kuitoa na kuweka nyingine. Betri ya litiamu huchoka baada ya miaka michache ya kuchajiwa kila siku, na ikiwa imefungiwa ndani, kifaa kizima huenda kwa fundi au jalalani. Anayetaka kuepuka betri kabisa anaweza kutazama DynaVap ya Wisconsin, kijiti cha chuma kinachopashwa kwa kiberiti cha gesi, na kofia yake ikalia "tak" joto linapotimia. Ni kifaa cha werevu mkubwa na cha bei nafuu, lakini mikono yangu hutetemeka maumivu yanapozidi, na sikuona busara kushika moto wazi katika hali hiyo. Mwenye mikono thabiti asikipuuze.

Majira ya baridi yana somo lake, ambalo muuzaji hatakwambia mwezi wa Julai. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi 20 hasi, betri hupungua nguvu mapema sana, na vifaa vinavyotegemea hewa ya moto hushindwa kupasha hewa iliyo baridi kiasi hicho. Mimi hukiweka changu katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, na huwa na betri ya pili ndani ya kijaluba chake cha plastiki. Usiitie betri mfukoni pamoja na funguo wala sarafu, kwa maana chuma kikiziunganisha ncha zake mbili huweza kuwaka, na betri yenye ngozi iliyochanika isitumike hata siku moja.

Sasa nije kwenye vifaa vya ziada, ambako ndiko wengi hupoteza fedha kwa mapambo. Cha lazima ni krasha nzuri, yaani kisagio kidogo cha mkononi cha kusagia majani. Majani yakisagwa yakawa unga, hewa haipiti na chembe zake huziba wavu. Yakiachwa mabonge, joto halifiki ndani. Mimi husaga mpaka yawe kama majani ya chai yaliyokatwa, si zaidi. Krasha ya alumini yenye meno makali hudumu miaka, na ya plastiki nisingeinunua, kwa kuwa meno yake huvunjika na vipande vyake huweza kuishia ndani ya chemba pamoja na majani.

Kwa wenye Mighty na jamaa zake kuna kapsuli ndogo za alumini, kila moja ikibeba takribani gramu 0.15. Mwanzoni niliziona ni anasa, mpaka mwenzangu mmoja mwenye ugonjwa wa baridi yabisi aliponionyesha matumizi yake: huzijaza zote Jumapili, binti yake akimsaidia, kisha wiki nzima hahangaiki na chembe ndogo kwa vidole vilivyovimba. Zaidi ya hayo, anajua kwa hakika ametumia kiasi gani, na anapomwona daktari humpa hesabu badala ya makisio. Kwa anayetumia bangi kama dawa, hesabu hiyo ina thamani kuliko kifuko cha ngozi au rangi ya dhahabu. Ambaye kifaa chake hakina kapsuli anunue mizani ndogo inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu.

Unyevu nao ni muhimu. Majani yaliyokauka kupita kiasi hutoa mvuke mkali unaokwaruza koo, na yenye maji mengi hupoteza joto katika kukausha maji kwanza. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, pamoja na pakiti ndogo ya kurekebisha unyevu ya asilimia 58 au 62, hutatua shida hiyo kwa gharama ndogo. Chupa hiyo ikae ndani ya kisanduku chenye kufuli. Nyumba zetu zina watoto, na watoto hufungua kila kitu.

Usafi ndio unaoamua kama kifaa kitaishi mwaka mmoja au sita. Mara tu baada ya matumizi, chemba ikiwa bado vuguvugu, mimi hupitisha brashi ndogo kutoa mabaki. Kazi hiyo huchukua nusu dakika, na ukiiacha mpaka kesho utakwangua kwa dakika kumi. Kila wiki huloweka kijiti cha kioo katika alkoholi ya isopropili isiyopungua asilimia 90, nikakisuuza kwa maji moto na kukiacha kikauke kabisa. Alkoholi hii hushika moto upesi, kwa hiyo usifanye kazi hiyo karibu na jiko, wala usiwashe kifaa kikiwa na majimaji yake. Sehemu yenye umeme haitumbukizwi. Hupanguswa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo tu. Nunua pia nyavu za akiba na mipira ya kuzuia mvuke usivuje, kwa sababu vitu hivyo vidogo huchakaa kimya kimya, na mtu akadhani kifaa chake kimekufa ilhali kinahitaji mpira wa dola mbili.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu chupa ya maji ambayo mvuke hupitishwa ndani yake ili upoe. Kwa nyumbani inapendeza kooni, nami ninayo moja, lakini ni kioo kingine cha kuosha, na kwa kifaa cha kutembea nacho haina kazi.

Palipo marufuku kuvuta sigara, mara nyingi kivukizi nacho ni marufuku, na majengo mengi ya kupanga yana masharti yake, hivyo soma mkataba wako kabla ya kununua. Baada ya kutumia, usishike usukani. Mvuke hauna moshi mwingi wala harufu ya kudumu, na wepesi huo humfanya mtu ajione yuko timamu kuliko alivyo.

Safari ndiyo inayoniogopesha zaidi kwa ajili ya ndugu zangu. Ndani ya Kanada unaweza kusafiri kwa ndege ukiwa na gramu zisizozidi 30, na betri za litiamu za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini. Lakini kuvuka mpaka na bangi ni kosa, hata ukiwa na idhini ya daktari, na kivukizi kilichotumika hubeba chembe na harufu ambazo brashi haiziondoi. Kenya na Tanzania sheria ni kali, na barua ya daktari wa Ontario haitambuliwi kule. Kwa hiyo ninapokwenda kuwaona jamaa zangu Mombasa, kifaa changu hubaki kabatini, betri zikiwa zimetolewa na zimechajiwa nusu, na mwezi mmoja kabla ya safari huwa nimekwisha kukaa na daktari wangu tukapanga dawa nyingine ya maumivu, ambayo naweza kuionyesha uwanja wa ndege bila hofu.