Maswali ya sheria: Nikivujisha dokezo la siri bila jina, nitajulikana?

SWALI: Wakili, shikamoo. Ni mtumishi wa halmashauri moja mkoani Njombe. Nimeona dokezo lenye muhuri wa SIRI: mkandarasi kalipwa pesa zote za zahanati ambayo haijafika hata usawa wa lenta. Nikilipiga picha na kumtumia mwandishi wa habari bila jina langu, kwa laini ya shangazi, naweza kushtakiwa?

JIBU: Marahaba. Ndiyo, unaweza. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inamhusu anayetoa jambo la siri kwa asiyeruhusiwa, awe ametaja jina lake au hakutaja.

Hilo la kuficha jina ndilo linalonichosha. Wanaonijia hapa Mbeya wengi wameshapitia Mwanjelwa kwa fundi simu aliyewahakikishia kuwa picha "imesafishwa", yaani haina alama ya kumtambulisha aliyeipiga. Haya, picha imesafishwa, na masijala, ofisi inayotunza majalada? Jalada lina namba, karatasi ina folio, yaani namba yake ndani ya jalada, na aliyelichukua yumo kwenye daftari. Pembeni kuna maelekezo ya bosi kwa kalamu, na tarehe. Mchunguzi atauliza tu siku ile jalada lilikuwa mezani kwa nani. Wakibaki watatu, na mmoja alinyimwa cheo juzi, ataanza na huyo. Laini ya shangazi imesajiliwa kwa alama za vidole vyake, kwa hiyo na yeye ataitwa.

Reality Winner, aliyefanya kazi ya kandarasi kwa shirika la ujasusi la Marekani, alichapisha kwa printa ripoti moja ya siri mwaka 2017, akaipeleka kwa posta, bila jina, kwa chombo cha habari. Chombo hicho, katika kuihakiki, kikaionyesha nakala serikalini, na mikunjo ikaonyesha kuwa imechapwa kwenye karatasi na kutolewa nje. Ikabainika walioichapa ni watu 6, na mmoja tu ndiye aliyewahi kukiandikia chombo hicho kwa kompyuta ya kazini. Mwaka 2018 akahukumiwa miezi 63 jela.

Utaniambia ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ipo, lakini inamlinda aliyetoa taarifa kwa nia njema na kwa mamlaka husika. Mwandishi wa habari si mamlaka husika, hata awe rafiki yako kiasi gani. Na nia itachunguzwa: aliyesukumwa na kinyongo cha uhamisho hujulikana mapema, kwa sababu anataka bosi aaibike, zahanati ijengwe isijengwe.

Nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ukaeleze unachokijua. Dokezo liache jaladani, wao wana uwezo wa kulifuata. Mwandishi naye anaweza kwenda kupiga picha zile kuta, hazina muhuri wa SIRI.

Wala hili si la watumishi peke yao. Karatasi za SIRI zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila anayezisukuma mbele anajiona mtazamaji tu. Kusambaza nako ni kutoa. Watu huitwa polisi kwa kusukuma tu, na sijamwona fundi simu hata mmoja akija kuwawekea dhamana.